Hati ya mtu mmoja, hati ya jamii, mkataba au daftari: ipi inauacha msitu wa mvua umesimama?

Ukiuliza kama kurasimisha ardhi kunapunguza ukataji wa misitu ya mvua, utapewa majibu mawili yanayopingana, na kila moja lina ushahidi wake. Nchini Peru, jamii za msituni zilipopewa hati, ufyekaji ulishuka ghafla. Nchini Brazil, wenye mashamba madogo na ya kati walipopewa hati zao, walifyeka zaidi. Wote wawili walipata karatasi yenye muhuri wa serikali. Kwa hiyo anayetakiwa kuamua, awe ofisa ardhi, kiongozi wa jamii inayoishi msituni au mfadhili anayeombwa fedha za upimaji, inabidi aulize kwa undani zaidi: ardhi inaandikwa kwa jina la nani, kwa masharti yapi, na miti imeshaanguka au bado?

Hapa nalinganisha njia nne zinazotumika sana: hati ya mtu mmoja, daftari la kujiandikisha bila hati, hati ya jamii nzima, na mkataba wa matumizi kwenye msitu unaobaki kuwa wa serikali. Niseme mapema nilipoegemea. Pale ambapo jamii imeushika msitu kwa muda mrefu, sioni sababu ya kuipa kitu pungufu ya hati ya pamoja. Na kumpa mtu mmoja hati ya msitu ambao haujaguswa nakuona ni njia ghali ya kununua malisho ya ng'ombe.

Karatasi inahusianaje na chenso

Kabla ya kulinganisha, tuangalie jinsi ardhi ya umma inavyogeuka kuwa ya mtu kwenye mipaka ya msitu wa Amazon. Kiangazi kikianza, watu huingia na mapanga, wanasafisha vichaka na mitambaazi. Chenso zinafuata kwenye miti mikubwa. Magogo ya thamani yalikwisha kutolewa zamani. Mengine yanalazwa pale pale yakauke kwa wiki kadhaa, kisha mnamo Agosti au Septemba yanatiwa moto. Juu ya majivu humwagwa mbegu za brachiaria, nyasi ambazo asili yake ni Afrika, waya unavutwa, ng'ombe wachache wanaingizwa. Ukiwahesabu ng'ombe hao kwa eneo lote utashangaa jinsi walivyo wachache. Kazi yao kubwa ni kuwa ushahidi: hapa pana mtu, hapa panatumika. Siku ofisa atakapofika kuuliza nani mwenye ardhi, kilichofyekwa kina mwenyewe, na kilichosimama ni pori tu.

Hapo ndipo hati inapoingia, na inavuta pande mbili kwa wakati mmoja. Ukiwa na hati huhitaji tena kufyeka ili uonekane una milki, na unaweza kufikiria mavuno ya miaka ishirini ijayo badala ya msimu huu. Upande wa pili, ardhi yenye hati ina bei kubwa, inawekwa rehani benki, inauzwa kwa urahisi, na ukiwa na mkopo mkononi unaweza kufyeka hekta ambazo jana hukuwa na nguvu ya kuzifikia. Ni upande upi unashinda? Hilo linaamuliwa na bei ya nyama na soya, na sheria inayokuja pamoja na hati.

Kuna jambo la tatu ambalo watunga sera hulisahau, nalo kwa maoni yangu lina uzito kuliko hayo mawili: matarajio. Watu wakishaamini kwamba serikali itawarasimisha wavamizi wa leo kama ilivyowarasimisha wa jana, msitu unafyekwa kwa ajili ya hati ambayo bado haijatangazwa.

Hati ya mtu mmoja: Brazil imelipa ada ya shule

Mfano mkubwa kuliko yote ni mpango wa Terra Legal wa Brazil, uliozaliwa na Sheria namba 11.952 ya mwaka 2009. Lengo lilikuwa kuwarasimisha watu waliokuwa wamekaa kwenye ardhi ya shirikisho katika Amazon, wakikadiriwa kufika 300,000. Masharti yaliandikwa vizuri: uwe umeingia kabla ya tarehe 1 Desemba 2004, eneo lisizidi hekta 1,500, na kwa miaka kumi ufuate sheria za mazingira, la sivyo hati inafutwa. Mashamba madogo kabisa yalitolewa bure.

Hoja ya kuanzisha mpango huo ilikuwa na mantiki. Kama hujui nani ana nini, huwezi kumtoza faini mtu yeyote. Ukimpa kila mmoja jina na mipaka, sheria inapata pa kushika. Tena palikuwa na suala la haki. Maelfu ya familia maskini zilihamia Amazon kwa kuhimizwa na serikali yenyewe miaka ya 1970, kisha zikaachwa bila karatasi, zikisumbuliwa na matajiri wenye nyaraka za kughushi. Hilo deni lilipaswa kulipwa, na anayeupinga urasimishaji wa mtu mmoja mmoja bila kuligusa hajajibu swali.

Lakini matokeo kwa msitu hayakuwa yale yaliyotarajiwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, uliofuatilia mashamba ya mpango huo kwa picha za setilaiti, ulikuta kwamba wenye mashamba madogo na ya kati waliongeza ufyekaji baada ya kupata hati, na wakubwa hawakuonyesha badiliko. Ukifikiri kidogo inaeleweka. Mwenye ardhi kubwa alikuwa na mtaji, wanasheria na mnunuzi hata kabla ya hati. Aliyekuwa amebanwa ni mdogo, na hati ilimfungulia mlango. Nicaragua nayo ina ushahidi unaofanana: utafiti wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba umiliki imara uliongeza uwekezaji shambani, na shamba lilipokua msitu ulipungua.

Kilichoharibu zaidi ni tarehe. Mwaka 2017, Sheria namba 13.465 ilipandisha ukomo wa eneo hadi hekta 2,500 na kusogeza mbele tarehe ya kuingia hadi Julai 2008. Desemba 2019 amri ya rais ikajaribu kuisogeza tena. Iliisha muda wake mwaka 2020 bila Bunge kuipitisha, na mapendekezo ya aina hiyo yakaendelea kuzunguka bungeni. Jiweke kwenye nafasi ya mlanguzi wa ardhi mwaka 2020. Umeona 2004 ikawa 2008, na kuna watu bungeni wanaotaka kwenda mbele zaidi. Utasubiri nini? Sharti la miaka kumi na tishio la kufuta hati havimtishi mtu aliyeona serikali ikirudi nyuma kila mara.

Je, hati ya mtu mmoja daima inaumiza msitu? Hapana, na mfano wa Benin unasaidia. Pale vijiji vilichaguliwa kwa bahati nasibu kuingia kwenye mpango wa ramani za ardhi za vijijini, jambo ambalo watafiti hulipata kwa nadra, kwa hiyo ulinganisho wake ni safi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha upotevu wa miti ulipungua kwa takriban asilimia 20 katika vijiji vilivyopimwa, bila dalili ya watu kukimbilia kufyeka kabla au kuhamishia ufyekaji kwa jirani. Benin si nchi ya msitu wa mvua kama wa Amazon au bonde la Kongo, na tusiinyooshe mno. Ila tofauti inafundisha: kule ziliandikwa haki zilizokuwapo tayari kwa mila, za watu na za koo, ndani ya vijiji vilivyokaliwa. Hakuna mgeni aliyepata zawadi kwa sababu ya kuwasha moto.

Daftari bila hati: rahisi, haraka, na hatari kuliko linavyoonekana

Njia ya pili haimpi mtu umiliki wowote. Inamtaka ajiandikishe tu. Brazil iliifanya ya lazima kwa kila shamba katika Sheria ya Misitu ya mwaka 2012, namba 12.651, kwa daftari linaloitwa CAR. Mwenye shamba, au fundi aliyemlipa, anafungua programu ya kompyuta, anachora mipaka yake juu ya picha ya setilaiti, anaonyesha mito, vilima na sehemu ya msitu anayotakiwa kuiacha, kisha anatuma. Kwenye eneo la msitu wa Amazon, kanuni ya kawaida ni kuacha asilimia 80 ya shamba ikiwa msitu.

Uzuri wake hauna ubishi. Ni nafuu na ya haraka, na picha ya setilaiti ikionyesha moshi mahali fulani, mamlaka ina jina la kuanzia. Benki na wanunuzi wa nyama wanaweza kuangalia daftari kabla ya kutoa fedha.

Tatizo ni kwamba aliyechora ni yeye mwenyewe. Sheria inasema wazi kuwa kujiandikisha si ushahidi wa umiliki wala milki, lakini soko la ardhi halisomi vifungu. Watu wamechora mashamba juu ya ardhi za jamii asilia, juu ya hifadhi, na zaidi ya yote juu ya misitu ya umma ambayo serikali haijaamua itakuwa nini, eneo linalozidi hekta milioni 50. Risiti ya daftari inaonyeshwa kwa mnunuzi asiyejua, au anayejua na kunyamaza, kana kwamba ni hati changa inayosubiri kukomaa. Na uhakiki wa yale yaliyotumwa umekuwa ukitambaa.

Wapo wanaolisifu daftari kwa mafanikio ya Brazil. Tarakimu haziwaungi mkono. Ufyekaji wa Amazon ya Brazil ulikuwa kilomita za mraba 27,772 mwaka 2004, ukashuka hadi 4,571 mwaka 2012. Mwaka huo wa 2012 ndio sheria ya daftari la taifa ilipopitishwa, yaani baada ya mteremko wote. Kilichofanya kazi ni mpango wa serikali wa mwaka 2004: setilaiti zenye kutoa tahadhari mapema, wakaguzi wa IBAMA, wakala wa mazingira wa shirikisho, waliotumwa uwanjani, hifadhi mpya, na azimio namba 3.545 la mwaka 2008 lililoziambia benki zisitoe mkopo wa kilimo Amazon bila nyaraka za ardhi na mazingira. Kisha mwaka 2021, daftari likiwa limejaa majina, ufyekaji ukapanda kupita kilomita za mraba 13,000. Majina yalikuwapo, aliyekosekana ni mtu wa kuwafuata wenye majina hayo.

Kwa hiyo daftari ni chombo cha ukaguzi. Likitumiwa hivyo ni zuri. Likianza kunong'onwa kuwa ni hatua ya kwanza ya kupata hati, linageuka kuwa fomu ya maombi ya kuvamia.

Hati ya jamii: ushahidi bora, safari ndefu

Sasa tufike kwenye njia ninayoipa nafasi ya kwanza. Nchini Peru, jamii za asili za Amazon zimekuwa zikipewa hati tangu sheria ya mwaka 1974. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliangalia kilichotokea msituni mwaka wa hati na mwaka uliofuata: ufyekaji ulipungua kwa zaidi ya robo tatu, na uharibifu mdogo mdogo wa msitu kwa takriban theluthi mbili. Ni punguzo kubwa kwa kitu ambacho hakilipi mtu wala kumkataza kulima. Tena Peru haikutoa kila kitu. Kwa sheria yake, jamii inamilikishwa sehemu ya kilimo na malisho, na sehemu ya msitu inabaki ya serikali, jamii ikipewa haki ya kuitumia. Hata hivyo mipaka ilitosha.

Brazil ina somo lingine lililo wazi zaidi. Katiba ya mwaka 1988, ibara ya 231, inatambua haki za jamii asilia juu ya ardhi zao: ardhi ni ya serikali ya shirikisho, matumizi ni ya jamii peke yake na ya kudumu, haiuzwi. Kufika huko ni ngazi nyingi. Wataalamu wanatambua eneo, waziri anatoa tangazo, mipaka inawekwa chini, rais anasaini amri ya kuidhinisha, kisha linaandikwa kwenye daftari la ardhi. Utafiti wa mwaka 2020 uliozilinganisha hatua hizo ulikuta ufyekaji unashuka baada ya amri ya rais kusainiwa. Kabla ya hapo, hata kama eneo limekwisha tambuliwa na kutangazwa, hakuna kinga iliyoonekana.

Hilo linapaswa kubandikwa ukutani katika kila ofisi inayofadhili upimaji. Miradi mingi huishia kwenye ramani nzuri na sherehe ya kuweka mawe ya mipaka, fedha zikaisha, faili likabaki kwenye meza ya wizara. Kwa upande wa msitu, faili lililokwama ni sawa na hakuna faili. Pengine ni vibaya zaidi, maana mvamizi naye amesikia kwamba mlango utafungwa, na ana haraka.

Kwa nini hati ya pamoja inafanya kazi pale ya mtu mmoja inaposhindwa? Kwa kawaida haiuzwi wala haiwekwi rehani, kwa hiyo mlanguzi hana cha kununua. Jamii haihitaji kufyeka ili kuthibitisha kwamba ipo. Na mgeni akiingia, kuna chombo chenye haki ya kumshtaki na mpaka wa kumwonyesha hakimu.

Lakini nisiuze mbuzi kwenye gunia. Nicaragua ilitangaza rasmi Sheria namba 445 mwaka 2003 na kutoa hati kwa maeneo mapana ya jamii asilia upande wa Karibi, pamoja na yale ya msitu wa Bosawás. Sheria ilikuwa na hatua ya mwisho: kuwaondoa au kukubaliana na walowezi waliokwisha kuingia. Hatua hiyo haikutekelezwa ipasavyo, wafugaji wakaendelea kumiminika, watu wakauawa, na msitu ukageuka nyasi chini ya hati halali kabisa. Eneo la Yanomami nchini Brazil liliidhinishwa mwaka 1992, zaidi ya hekta milioni 9; serikali ilipolegea, maelfu ya wachimba dhahabu waliingia, hadi Januari 2023 ikatangazwa hali ya dharura ya afya. Na katika jimbo la Morona Santiago, Ecuador, utafiti wa mwaka 2015 uliofuatilia mpango ulioandaliwa kwa uangalifu haukuona punguzo la ufyekaji katika miaka mitano ya kwanza baada ya ardhi za jamii kuhalalishwa. Anayekuambia hati ya jamii inafanya kazi kila mahali ana mradi wa kukuuzia.

Mkataba: serikali inabaki na ardhi, watu wanabaki na kazi

Kuna nchi ambazo serikali haitakubali kuiachia ardhi ya msitu, hata iweje. Hapo mkataba wa matumizi ndio mlango ulio wazi, na mfano wa kuusoma kwa makini ni Guatemala, kaskazini, jimbo la Petén. Hifadhi ya Maya ilianzishwa mwaka 1990, yenye takriban hekta milioni 2.1. Sehemu yake ikawa mbuga za taifa zisizoguswa, nyingine ikawa eneo la matumizi mseto. Kati ya miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, vikundi vya wenyeji vilipewa mikataba ya miaka 25, kwa sharti la kupata cheti cha FSC, kinachothibitisha kwamba msitu unavunwa kwa uangalifu.

Tazama kazi yenyewe. Msitu umegawanywa vipande. Mwaka huu kinavunwa kimoja, kisha kinaachwa kipumzike kwa miongo. Kila mti wa mahogani uliokomaa unahesabiwa na kuwekwa kwenye ramani kabla msumeno haujawashwa. Katikati ya misimu ya mbao, watu wanakusanya ulimbo wa kutengenezea chingamu na majani ya xate, mitende midogo inayosafirishwa nje kupambia maua. Kijiji cha Carmelita kimeishi hivyo kwa vizazi, kwanza kwa ulimbo, kisha na mbao.

Matokeo yake yanawaumiza kichwa wanaoamini kwamba msitu unalindwa kwa kumfukuza binadamu. Maeneo ya mikataba yenye vikundi hai yamebaki na miti, na ufyekaji wake umekuwa mdogo kuliko wa mbuga ya Laguna del Tigre, ambayo kisheria haitakiwi hata kuguswa, nayo imeliwa na moto na ng'ombe.

Hata hivyo si mikataba yote iliyosalia. Michache ilifutwa, hasa pale ambapo wanakikundi walikuwa wakulima na wafugaji waliofika karibuni, kando ya barabara, kwenye msitu wenye mbao kidogo za thamani. Mkataba unalinda msitu ambao, ukiwa umesimama, unalipa kuliko nyasi. Hakuna kipengele cha kisheria kinachoweza kuziba pengo hilo kama mbao hazipo au soko liko mbali mno.

Udhaifu wake mwingine ni saa. Miaka 25 inaonekana mingi siku ya kusaini. Mwaka wa 22, kikundi kinaanza kujiuliza kwa nini kiache mti mchanga ambao huenda atauvuna mwingine. Guatemala ilianza kuongeza muda wa mikataba mwaka 2019, Carmelita ikiwa miongoni mwa za mwanzo, lakini wasiwasi wa miaka iliyotangulia ulikuwa wa kweli. Indonesia nayo inatoa vibali vya misitu ya vijiji kwa miaka 35. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imekwenda mbali zaidi kwa amri ya mwaka 2014: jamii inaweza kupewa msitu wake wa mila hadi hekta 50,000, bila kikomo cha muda. Kwa jina ni mkataba. Kwa uzito unakaribia hati ya jamii. Kikwazo cha Kongo ni faili lenyewe. Ramani, mikutano ya mipaka na majirani, mpango rahisi wa usimamizi, yote yanahitaji fedha na wataalamu ambao kijiji hakina, kwa hiyo mwandishi halisi wa faili mara nyingi huwa ni shirika. Shirika likiondoka, je, mpango unajulikana na nani kijijini?

Tuziweke ubavuni

Kwa kasi, daftari linashinda zote. Linaweza kukamilika kwa siku moja. Mkataba huchukua miaka kadhaa, na hati ya jamii nchini Brazil imewahi kuchukua miongo. Kwa gharama ya kila hekta mambo yanageuka. Kupima eneo moja la hekta 100,000 ni nafuu sana kuliko kupima mashamba elfu moja ya hekta mia, na migogoro ya mipaka ni michache.

Kwa usalama dhidi ya kuuzwa, hati ya jamii na mkataba ziko mbele. Hati ya mtu mmoja inauzwa, na kule Amazon mwenye shamba dogo akiuza, mara nyingi anamuuzia jirani mwenye shamba kubwa, kisha anasogea mbele msituni kuanza upya. Huo ni ufyekaji ambao hautaonekana kwenye takwimu za shamba lake la zamani.

Nani anaachwa nje? Kila njia ina wake. Hati ya mtu mmoja huandikwa kwa jina la baba wa familia isipokuwa sheria ilazimishe majina mawili. Hati ya jamii inaweza kumezwa na ukoo wa wakubwa, na mkataba ukawa mali ya kamati. Bonde la Kongo lina hatari yake ya pekee: wakulima wa Kibantu wana vijiji vinavyoonekana kwenye ramani, wakati Wambuti, Wabaka na jamii nyingine za wawindaji wanatumia msitu mpana bila kujenga kitu ambacho mpimaji atakikuta. Mpimaji asiyetembea nao kwenye njia zao za kuwinda atawafuta bila kukusudia. Kongo ilipitisha sheria ya haki za watu hao mwaka 2022, na faili jipya la msitu wa jamii lisilowataja linapaswa kurudishwa.

Sasa uchague

Kama ardhi tayari ni mashamba, imekaliwa miaka mingi, na msitu uliobaki ni vipande, toa hati za watu binafsi, kwa majina ya mume na mke, ukianza na wadogo. Kucheleweshwa hapo hakuokoi mti wowote. Funganisha hati na mikopo ya kuongeza mavuno kwenye eneo lililokwisha kufyekwa, si na mkopo wa jumla ambao mtu ataununulia chenso.

Kama kuna jamii iliyoushika msitu kwa vizazi, nenda kwenye hati ya pamoja, na bajeti yako ifike hadi saini ya mwisho pamoja na kazi ya kuondoa wavamizi. Ukiwa na fedha za maeneo kumi kufika nusu, fanya matano yakamilike. Kama katiba ya nchi hairuhusu, tafuta mkataba mrefu kuliko yote unaopatikana, wenye kipengele cha kuhuishwa kabla ya robo ya mwisho ya muda wake, na kwanza hesabu kama mbao, ulimbo, kokwa au utalii vinaweza kweli kuilisha jamii hiyo.

Na kama ni msitu wa umma usio na mtu, wenye barabara inayokuja? Usimrasimishe yeyote. Utangaze kuwa hifadhi au msitu wa serikali kabla barabara haijafika, na ufute kwenye daftari kila shamba lililochorwa juu yake. Hapa wanasiasa hupenda kusema kwamba watu wapo tayari na ni ukatili kuwaondoa. Mara nyingine ni kweli, na familia hizo zihamishiwe kwenye ardhi iliyokwisha kufyekwa, ambayo Amazon ipo tele. Mara nyingi zaidi, anayeitwa mkulima maskini ni kibarua wa mtu anayeishi mjini.

Linalobaki ni tarehe ya mwisho ya kuingia, ambayo njia zote zenye kumtambua mtu zinaihitaji. Ichague iliyopita, isiwe ya kesho, na iandikwe kwenye sheria ambayo ni vigumu kuibadilisha kuliko amri ya waziri. Kisha usitegemee mashahidi wa kuitwa. Picha za Landsat za misitu ya mvua zipo tangu miaka ya 1970 na zinapatikana bure tangu 2008. Brazil imepima ufyekaji wake kila mwaka tangu 1988. Anayedai alikuwa hapo mwaka 2004, faili lake lifunguliwe na picha ya eneo hilo ya mwaka 2004. Ikiwa siku hiyo palikuwa na vilele vya miti mfululizo kutoka mto hadi mto, maombi yanaishia hapo, na jina lake linapelekwa kwa mkaguzi.